Baskeli Mbili Kando ya Falaji

Ijumaa, 1 Novemba

Nimenunua baskeli mbili bila kumshauri mtu. Daftari hili nalo nimelinunua duka la pili yake, kwa sababu nilihitaji kumweleza mtu, na mtu niliyezoea kumweleza hayupo. Yupo, amekaa sebuleni, lakini hayupo. Tangu Agosti, mume wangu Maen alipofunguliwa kifua kule Maskati akashonwa mishipa ya moyo, kila nikimwambia jambo ananiitikia "ehee" na macho yake yako kwenye televisheni. Mara nyingine televisheni yenyewe imezimwa.

Daktari alisema nusu saa kila siku, kwa miguu au kwa baskeli, njia tambarare, asipande vilima. Maen amefanya siku ngapi? Nimesomesha hisabati miaka ishirini na sita na hesabu hii haitaki karatasi. Hata moja. Anatoka kitandani kwenda kwenye kochi, anatoka kwenye kochi kwenda mezani. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akitoka hapa Nizwa kwenda Sur kwa mama yake na kurudi siku hiyohiyo, kisa papa mkavu.

Baskeli ni zile za njia za changarawe. Usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi mapana na yana meno. Muuzaji aliniuliza za nani. Nikamwambia moja yangu, moja ya bwana. Aliangalia abaya yangu, akaangalia baskeli, akanyamaza kwa adabu.

Maen alipoziona kwenye ukumbi alisema, "Lamya, umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na mume asiyetoka nje."

Hakucheka. Zamani angecheka.

Jumapili, 3 Novemba

Hajagusa. Nailoni ya kwenye kiti cha baskeli yake iko vilevile.

Jumanne, 5 Novemba

Nimetoka mwenyewe. Nimevaa suruali pana na shati refu la Wasan, binti yetu anayefanya kazi Ibra, nikafunga mtandio mara mbili. Mara ya mwisho nilipanda baskeli nikiwa na miaka kumi na mbili, kwenye uwanja wa shule. Mwili unakumbuka, makalio ndiyo yaliyosahau.

Njia niliyoipata ni hiyohiyo aliyoitaka daktari, kana kwamba alikuja kuipima. Nyuma ya nyumba unashuka kwenye wadi mkavu, mto unaopita maji siku za mvua tu, changarawe inalialia chini ya matairi, kisha unaingia kichochoro kati ya kuta za udongo, chembamba, punda mmoja na mzigo wake basi. Ukitokea upande wa pili uko ndani ya mitende. Hapo inapita falaji, mfereji wa zamani unaoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka mashambani, na kando yake kuna njia ya udongo, kilomita nne, tambarare kama meza. Kivuli kizito, maji yanakwenda na wewe, na hakuna sauti ila yake na ya mnyororo. Nilifurahi mpaka nikaona haya, maana nilimwacha mtu nyumbani.

Maen alipiga simu mara tatu. "Uko wapi? Utarudi saa ngapi?" Mtu hataki kutoka na hataki nitoke.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama mkwe, Bi Thuraya, ameniletea ujumbe wa sauti kutoka Sur. "Weye Lamya, nasikia wapanda baskeli. Mie sina neno. Ila kaza mtandio usije ukaingia mnyororoni, halafu watu waseme mkwe wangu kajinyonga." Nimemwekea Maen asikilize. Kidogo mdomo ulicheza.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimefanya kosa ambalo, kwa maelezo ya mzee mmoja, hata mbuzi wa mtaa huu hawalifanyi.

Nilikuwa kwenye njia ya falaji, jua ndiyo kwanza limetoka. Mbele yangu nikaona katikati ya mfereji kuna kitu kimekwama: jiwe kubwa kama sufuria, limevishwa matambara, kanzu kuukuu na kipande cha gunia la mchele. Maji yamezuilika, yanageukia pembeni. Nikasema moyoni, watu hawana haya, wanatupa takataka kwenye maji ya mitende. Nikashuka, nikakunja mikono ya shati, nikaling'oa kwa nguvu zangu zote. Maji yakaenda zake mbio. Jiwe nikaliweka ukingoni, matambara nikayatia kwenye mfuko wa nailoni, nikautundika kwenye usukani ili nikayatupe. Nilijiona kama afisa wa usafi wa baladia, halmashauri ya mji.

Sikufika mbali. Nyuma yangu nilisikia mtu akipiga kelele kwa Kiarabu. Mzee mmoja alikuwa anatoka shambani, kanzu ameifunga kiunoni, tope mpaka magotini, mguu mmoja anauburura na jembe mkononi. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiarabu, hapa nayaandika kwa lugha ya nyumbani.

"Nani kafungua? Nani kanifungulia maji yangu?"

Nikasimama na mfuko wangu. Tambara moja lilikuwa limechungulia nje.

Basi nilisomeshwa, mimi mwalimu. Kila shamba lina tundu lake la kuingizia maji na lina zamu yake. Zamu yako ikifika unaziba mfereji mkubwa chini ya tundu lako kwa jiwe na matambara, maji yote yanageukia kwako, na yanakuwa mali yako mpaka saa yako iishe. Yeye zamu yake ni saa moja tu kila baada ya siku nane, jua linapochomoza. Alikuwa mwisho wa shamba na jembe lake, anagawa maji kwenye vitalu vya vitunguu thomu na kwenye mitende michanga, mara maji yakakatika. Mpaka aburure mguu kuja kuona, nusu ya zamu imekwishakwenda kwa jirani ambaye hata hana haja nayo. Na mwaka huu mvua haijanyesha.

"Nyinyi Wazinjibari," alisema, "mna miaka hamsini hapa na bado hamjui maji yanakwenda wapi."

Ningekasirika, lakini ni kweli. Baba yangu alirudi kutoka Unguja akaingia moja kwa moja ofisini Maskati. Mimi falaji nimeiona kwenye dirisha la gari na kwenye vitabu vya wanafunzi wangu. Nikafungua mkoba nimlipe. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Niinyweshe mitende noti?"

"Basi nifanye nini, baba?"

Akafikiri, akaangalia baskeli, akaangalia mguu wake. "Zamu ijayo ni siku ya nane. Uje kabla ya jua. Usimame hapa uyalinde maji, mimi nifanye kazi kule. Na zamu ya baadaye vilevile, mpaka baridi iishe. Huu mguu umenichosha kukimbia huku na huku." Kisha akaongeza, "Hayo matambara yangu, niletee."

Jina lake Mzee Khalifa.

Nimemhadithia Maen wakati wa chakula cha mchana. Nilipofika kwenye mfuko wa nailoni alianza kutikisika. Akavuta mto akaukumbatia kifuani, kama walivyomfunza hospitali afanye akitaka kukohoa, akacheka mpaka machozi.

"Umeiba maji, Lamya."

"Sikuiba. Nimesafisha."

Kicheko cha kwanza tangu Agosti. Ningejua, ningeng'oa mawe ya falaji yote ya Nizwa.

Jumapili, 17 Novemba

Zamu. Nilifika kabla ya jua. Mzee Khalifa kanifunza kuziba: jiwe kwanza, kisha kanzu, kisha gunia, halafu unasukumiza matambara madogo kwenye nyufa kwa vidole. Maji ya falaji asubuhi ni ya uvuguvugu na hewa ni ya baridi, mikono haitaki kutoka. Saa nzima nilisimama kama mlinzi wa benki. Alipomaliza alipiga kelele "Bas!" nikazibua.

Hakuniambia ahsante. Alisema, "Leo hukuvuja."

Maen alipiga simu mara nne.

Jumatatu, 25 Novemba

Zamu. Kahawa na tende za khunaizi baada ya kazi. Mzee Khalifa ana mtoto mmoja, Aws, yuko Sohar. Anapiga simu kila Ijumaa na kumwambia auze shamba. "Namwambia inshallah," alisema, "na yeye anafikiri inshallah ni ndiyo."

Ijumaa, 29 Novemba

Wasan amekuja kutoka Ibra. Alimwamkia baba yake, "Shikamoo Baba," akambusu kichwa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye baskeli. "Mama, hii matairi mbona kubwa hivi? Wallah kama ya pikipiki." Nikamwambia hayo matairi, akasema ndiyo, hiyo matairi.

Tulifunga baskeli mbili nyuma ya gari tukaenda kuendesha Al Hamra, chini ya mji wa zamani, mimi na yeye. Tulimwomba baba yake aje akae kivulini tu atusubiri. Hakutaka. Tulizunguka mashamba yote, njia za mawe madogo meupe, mbuzi kwenye kuta, watoto wanatufuata. Wasan alipokuwa mbele yangu aligeuka akaniuliza, "Mama, Baba anakasirika na nini?" Nilimwambia moyo ukishafunguliwa unachukua muda. Mwenyewe siamini. Naona amejitia uzee kwa makusudi.

Tuliporudi, niliirudishia baskeli ya Maen nailoni yake, nisije nikaambiwa imechakazwa.

Jumanne, 3 Desemba

Zamu. Baridi. Thomu imechipua.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimegombana na Maen. Nilimwambia njia ni tambarare, nitaendesha taratibu, nitakaa nyuma yake. Akasema, "Niache, Lamya." Nikamwambia nimekuacha miezi minne. Akasema, "Hujui." Nikamwambia basi nijulishe. Akainuka akaenda kulala saa nane mchana.

Nilikwenda kuendesha kwa hasira mpaka mwisho wa falaji na kurudi mara mbili, kilomita kumi na sita. Hasira ni mafuta mazuri lakini hayadumu. Kilomita ya mwisho nilikuwa nalia tu, na Mzee Khalifa, anakata majani ya punda wake, akajifanya hanioni.

Jumatano, 11 Desemba

Zamu. Leo Mzee Khalifa kanihadithia habari ya mkewe. Alikuwa akiitwa Ghalia, kama shangazi yangu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanzia.

"Ilikuwa zamu yangu, kama leo," alisema. "Nilimwacha jikoni anakanda mkate. Nikarudi na tope miguuni, nikamkuta jirani amesimama mlangoni. Mke wangu ameshakwenda."

Nilimwambia pole, nikamwuliza alifanya nini.

"Nilimzika. Siku ya nane zamu ikaja, nikatoka. Aws aliona vibaya. Lakini nikikaa ndani, nakaa namngoja nani?" Alimimina kahawa. "Yule hakupenda nichelewe kwenye maji."

Anaongea habari hizi huku anachagua tende nzuri na kuzisogeza upande wangu. Mwezi uliopita nilimwita moyoni mzee mkavu. Najirudi.

Nimekuja nyumbani na kisa hiki kama mtu aliyeokota dawa. Nikamhadithia Maen tukiwa kwenye wali, nikakipamba, nikakifikisha hapo kwenye kumngoja nani, nikamtazama. Tonge lilikuwa mkononi mwake na halikwenda mdomoni.

"Alikufa peke yake?"

"Jirani alikuwa karibu. Lakini nakwambia habari ya mzee, vipi alivyo..."

"Yeye yuko shambani na mkewe yuko jikoni."

"Ndiyo, lakini..."

Akarudisha tonge kwenye sahani, akainuka bila kunawa, akafunga mlango wa chumba. Nilibaki mezani na chakula cha watu wawili. Nilimkasirikia, na sioni haya kuandika hivyo. Hata kisa cha mwanamume mwenzake hakimwingii.

Alhamisi, 19 Desemba

Zamu. Simu tisa. Tisa ndani ya saa moja na nusu, na mikono yangu imo ndani ya maji. Kila nikipokea ni lilelile, uko wapi, umebakisha muda gani. Nimemwambia mimi si mtoto wa kuchungwa. Nilipokaribia nyumbani nilimwona dirishani kama kila siku. Nilipoingia alikuwa ameshakaa kwenye kochi.

Ijumaa, 27 Desemba

Zamu. Nimeizima sauti ya simu. Saa moja ya amani. Mzee Khalifa alisema jirani wa chini ameniulizia, anataka kujua kama yule mwalimu wa baskeli anaweza kumlindia na yeye. "Nimemwambia atafute mwizi wake mwenyewe," alisema.

Jumanne, 31 Desemba

Mvua, alhamdulillah. Wadi umepita tangu jana, maji rangi ya chai ya maziwa. Hakuna baskeli.

Ijumaa, 3 Januari

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umo ndani ya plasta. Jambo lilitokea jana na nataka kulieleza kwa utaratibu.

Wadi ulikuwa umeshakauka na mimi nilikuwa na kiu ya njia. Badala ya kwenda na falaji chini, niliifuata juu, ile njia ya mlimani inayopita kwenye vinywa vya visima mpaka kisima mama, pale maji yanapotoka. Kupanda nilipanda vizuri. Juu unaona mitende yote, mstari wa kijani ndani ya mawe, nikakaa nikala chungwa. Simu ilikuwa mfukoni, sauti imezimwa. Wakati wa kushuka, mvua ilikuwa imelegeza changarawe kwenye kona, gurudumu la mbele likaondoka kama sabuni. Nilianguka juu ya mkono. Nilisikia mfupa ukisema.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Simu ilikuwa imepasuka kioo na haikukubali kuguswa. Niliiona ikiwaka, jina la Maen linakuja na kuondoka, linakuja na kuondoka, na siwezi kupokea. Mwishowe akapita mchunga mbuzi na gari lake la mizigo, akanipakia mimi na baskeli kati ya mbuzi wawili. Nilimtajia namba ya Maen kwa kichwa, akampigia, akamwambia amenipata niko mzima na ananipeleka hospitali.

Tulipofika hospitali Maen alikuwa ameshafika. Alikuwa na kikoi cha nyumbani, ndara mguuni, fulana, uso rangi ya majivu. Ameendesha gari mwenyewe, mara ya kwanza tangu Agosti. Kabla ya kupigiwa simu alikuwa ameshazunguka vichochoro vyote vya mashamba ambavyo gari linapita, anauliza watu kama wamemwona mwanamke wa baskeli.

Baada ya kufungwa plasta tulikaa kwenye viti vya ukumbini. Alisema, "Nimepiga mara ishirini na mbili."

"Nilizima sauti. Nilichoka kuchungwa."

Aliweka mkono wake juu ya goti langu.

"Sikuwa nakuchunga," alisema. "Lamya, mimi kufa naogopa kama watu wote, hilo dogo. Siku ile ya kufunguliwa kifua walinisukuma na kitanda, wewe ukazuiliwa mlangoni. Naona taa za darini zinapita, moja, ya pili, ya tatu, nikasema ndiyo hivi basi, nakwenda na yeye yuko nyuma ya mlango. Nikaweka nadhiri. Nikitoka humu sitoki tena mahali alipo Lamya. Ikija, inikute naye." Akapumua. "Nikarudi nyumbani nikakaa. Halafu wewe ndiye ukawa unatoka."

Miezi mitano. Miezi mitano nimeishi na mtu huyu nikamwita mvivu, mkaidi, aliyejitia uzee. Nimemletea kisa cha Ghalia mezani kama kitoweo. Kila simu niliyoikata alikuwa anauliza kama wakati huo ukifika nitawahi. Nilimwambia naona haya. Akasema yeye anaona haya zaidi, kwa sababu jana alipoendesha gari hakukumbuka nadhiri wala moyo wake, alikumbuka kuangalia kando ya njia tu kama kuna baskeli imelala.

Tulilia pale ukumbini, watu wazima wawili, mmoja na kikoi.

Jumamosi, 4 Januari

Zamu. Tangu jana nilikuwa nawaza nani atamwambia Mzee Khalifa. Ana simu ya vitufe na kawaida yake anaiacha nyumbani kwenye mkeka. Baada ya alfajiri nilijaribu, haikupokelewa. Nikasema nitakwenda kwa miguu, nitaziba kwa mkono mmoja.

Maen alikuwa amesimama ukumbini. "Kuziba kunazibwaje?"

Nikamweleza. Jiwe, kanzu, gunia, matambara madogo kwa vidole.

"Mpaka aseme bas."

"Mpaka aseme bas. Maen, nenda na gari."

"Gari halipiti kichochoroni, wewe mwenyewe umesema. Na kwa miguu jua litanikuta njiani." Akachana nailoni ya kwenye kiti, akatoa baskeli mlangoni. Alipanda kama mtu anayepanda farasi wa watu. Aliyumba, akagusa ukuta, akanyooka. Niliuma ncha ya mtandio, maana ningesema kimoja tu ningesema yote. Alishuka kwenye wadi na mgongo wake ukapotea.

Zamu ingekwisha saa mbili. Saa mbili nilikuwa dirishani. Saa mbili na nusu nilikuwa bado dirishani na nimeshampigia kwa simu ya mezani mara sita. Hapo nilijua miezi hii mitano ilivyokuwa kwake, hakuna mtu aliyehitaji kunieleza. Nilivaa abaya juu ya plasta nikatoka na ndara, nikavuka wadi, changarawe inaingia kwenye vidole.

Nilianza kusikia sauti zao kabla ya kuwaona. Nilipotokea kwenye mitende, baskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani na Maen yuko shambani, suruali imekunjwa, tope mpaka kwenye magoti, anaziba kitalu kwa mikono. Mzee Khalifa amekaa juu ya ndoo na mguu wake ameunyoosha, anatoa amri. "Hapo, hapo pana mwanya. Mkeo asingeuacha mwanya huo." Zamu ilikuwa imekwisha zamani. Jirani wa chini alikuwa amewapa nusu saa yake kwa kuwa mvua imemtosha, na wao wakaendelea.

Maen aliniona, akasimama, akajifuta mikono kwenye shati.

"Umekuja kwa miguu?"

Nilimwangalia kifua kikipanda na kushuka, vizuri, taratibu.

Akaja mpaka ukingoni. "Lamya, nilisahau," alisema.

"Umesahau simu?"

"Nilisahau kuogopa. Saa nzima na zaidi. Sasa hivi nilipokuona ndiyo nimekumbuka kwamba nilikuwa mtu mwenye hofu."

Nilimshika shingo kwa mkono wangu mmoja mbele ya mtu na mbele ya Mungu, tope lote likaja kwenye abaya. Mzee Khalifa aligeuza ndoo yake akaangalia thomu.

Jumapili, 12 Januari

Zamu. Kaenda Maen. Nilipiga simu mara mbili. Alipokea zote.

Jumatatu, 20 Januari

Zamu. Kaenda Maen. Nilipiga mara moja, nikamwambia nauliza habari ya thomu. Akasema thomu inakusalimu.

Jumanne, 28 Januari

Zamu. Kaenda. Sikupiga. Nilifagia nyumba mara mbili.

Jumamosi, 1 Februari

Bi Thuraya kutoka Sur: "Sasa na Maen naye? Haya. Mie nilikwambia mtandio tu, hukuniambia baskeli ni ya kuambukiza."

Jumatano, 5 Februari

Zamu. Kaenda. Mzee Khalifa kamwambia baridi imekaribia kwisha na deni langu la maji limekwisha nalo. Maen akamwuliza, basi tusije? Mzee akasema, "Nimesema deni limekwisha, sikusema msije."

Alhamisi, 13 Februari

Jana plasta ilitolewa. Mkono umekuwa mwembamba, una rangi ya mtu mwingine. Daktari amesema wiki mbili nyingine bila baskeli.

Leo zamu. Maen alipokuwa anafunga viatu alisema akimaliza maji atafuata njia ya chini, mpaka mwisho wa falaji, kisha atazunguka kwa upande wa wadi. Hajawahi kufika huko.

"Mbali," nilisema.

"Mbali, lakini tambarare."

"Peke yako?"

Aliacha kufunga viatu. "Peke yangu. Ukisema nisiende, siendi, na sitakununia."

Nilimtazama uso. Nilitaka kusema usiende, nalisema wazi hapa. Nilitaka kumfungia mlango na kukaa naye kwenye kochi mpaka tuzeeke sote wawili mikono imeshikana, ije itukute. Nikamwambia achukue maji ya kunywa na chungwa. Akanibusu kwenye ule mkono mwembamba, akatoka.

Jua lilipanda. Nilifua, nikaanika, nikaongea na Wasan. Nilipika samaki wa nazi na wali. Saa nne alikuwa hajarudi, na mimi sikwenda dirishani wala sikupiga simu. Saa nne na nusu nilikuwa nina njaa ya kweli, nikapakua, nikala peke yangu barazani mpaka nikashiba, kisha nikamfunikia chake.